Shangazi, nimekodi gari kwa jina langu ila shemeji anataka aendeshe yeye

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo ila hapa kwangu limeshafanya watu wale chakula kimyakimya. Nina miaka 31, naishi Leicester na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 4, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Bukoba kututembelea, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mara yake ya kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki, ananipenda na mi nampenda, kwahiyo usielewe kwamba nimekuja kumsema.

Sasa kule kazini kuna bibi mmoja namhudumia, ana kalenda ya picha za majumba makubwa ya zamani, nikapiga picha ya moja nikamwonyesha mama, inaitwa Chatsworth House ipo mkoa wa Derbyshire. Weee! Mama kaishika simu hataki kuiachia, akasema "mwanangu nimefundisha watoto miaka yote habari za Waingereza, nipelekeni nikaone nyumba zao wanazokaa mabwana zao kabla sijarudi kwangu." Anaondoka mwisho wa Septemba. Nikasema hilo dogo, tunakodi gari siku moja tunaenda asubuhi tunarudi jioni.

Hapo ndo kazi ilipoanza. Mi ndo pekee hapa nyumbani mwenye leseni ya Uingereza, nilifaulu mwaka jana kwa gari ya oto, nina Yaris yangu ndogo naenda nayo kazini usiku na kurudi, ila sijawahi kuingia motowei, zile barabara kuu za mwendo kasi, hata siku moja, naogopa kwakweli. Mume wangu haendeshi kabisa. Kaka yake mkubwa, yani baba mkubwa wa wanangu, naye yupo hapa Leicester na mkewe mwaka wa tatu huu, ana leseni ya Tanzania, na kweli ni dereva, kaendesha Bukoba hadi Dar miaka na miaka. Yeye kasema we kodi kwa jina lako maana ndo una leseni ya huku, tukifika kona ya kwanza unanipa usukani, mwanamke hawezi kubeba mama yangu mzazi kwenye motowei ya M1. Nikamwambia mbona jina lako halitakuwepo, akasema gari ya kukodi inakuwa na bima tayari, kamera inasoma namba ya gari haisomi sura ya dereva. Mama naye kasema kwa upole tu "si umwachie kaka yako mkubwa, ndo mzoefu." Mume wangu kainamia sahani.

Halafu kuna kaka mmoja kwenye grupu letu la Whatsapp ana Zafira ya siti saba, anasema anatupa kwa siku moja nusu ya bei ya kampuni, hataki makaratasi hataki dipoziti, mwenye leseni yoyote aendeshe. Na dada mmoja wa kanisani kasikia safari naye anataka kuja na binti yake, sasa tunakuwa tisa, wengine wanasema basi tuchukue kibasi tujae wote.

Mume wangu sasa anasema tuache kabisa, tumpeleke mama mjini akanunue viatu yaishe. Mi roho inaniuma. Mama ana magoti, hawezi kutembea sana, na simjui Mwingereza yeyote wa kumuuliza kama hiyo nyumba hata inafaa kwa mtu kama yeye au tutalipa hela twende tukaangalie ukuta. Nifanyeje Shangazi, nimpe shemeji usukani kwa heshima, nichukue ile Zafira, au tuache?

Ni mimi Mkwe wa Bukoba, Leicester


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Mpe mama salamu zangu nyingi.

Nakujibu moja kwa moja kwanza halafu nitaeleza: dereva ni wewe. Sio shemeji, sio mtu mwingine, ni wewe, na safari msiiache. Zafira ya Whatsapp usiiguse.

Twende kwa shemeji maana ndo penye moto. Huyu ndugu anachokosea sio uendeshaji, mtu aliyetoka Bukoba mpaka Dar na malori ya njia ile anajua gari, hilo usimbishie hata kidogo. Ila sheria ya huku haiangalii uzoefu. Leseni ya Tanzania ukija Uingereza inakuruhusu kuendesha miezi 12, kwa mtu aliyekuja kuishi hiyo miezi inahesabiwa tangu alipoanza kuishi hapa, na kwenda nyumbani likizo ukarudi hakuanzishi hesabu upya. Ikiisha imeisha. Kuna nchi chache ambazo leseni zao unazibadilisha moja kwa moja ukapewa ya huku, kama Afrika Kusini na Zimbabwe, Tanzania haimo, kwahiyo mtu wetu anatakiwa aombe leseni ya muda ya mwanafunzi, afanye mtihani wa nadharia, afanye na wa barabarani, kama ulivyofanya wewe. Shemeji yupo mwaka wa tatu. Kwa macho ya polisi wa hapa yeye leo ni mtu asiye na leseni, hata awe ameendesha miaka 30. Wala usije ukasema utamweka alama ya L ukae pembeni yake umsimamie, msimamizi lazima awe na leseni miaka 3 na wewe huna, na kampuni ya kukodisha haitoi gari kwa mwanafunzi hata siku moja.

Sasa hiyo hoja yake kwamba gari ya kukodi ina bima tayari, nataka uisome taratibu maana watu wetu wengi wanaiamini kabisa. Bima ya gari ya kukodi inaambatana na jina lililoandikwa kwenye mkataba. Ukiandikwa wewe inakulinda wewe, ukitoka kwenye kiti akakaa mtu ambaye jina halipo, bima pale pale imeondoka, hata mkiwa mmesogea mita 10 tu kwenye maegesho. Kamera ni kweli haisomi sura, lakini siku mkigonga mtu, au askari akiwasimamisha kwa taa iliyoungua tu, anaomba leseni ya aliyekaa kwenye usukani. Kuendesha bila bima faini ya pale pale ni pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, ikienda mahakamani faini haina kikomo na unaweza kufungiwa kuendesha. Gari linabebwa, mnabaki na mama na watoto pembeni ya barabara Derbyshire. Aliyeumizwa atalipwa na bima, halafu hiyo hela wanaweza kuja kuidai kwenu. Na gari lenyewe la kampuni likiharibika mnalilipa nyie lote.

Halafu kuna hili ambalo shemeji hakulifikiria na nadhani hata wewe hujaliona. Aliyempa mwingine gari aendeshe bila bima naye ana kosa lake, linaitwa kuruhusu, na adhabu yake inaanzia pointi 6 hizo hizo, tena kwenye leseni YAKO. Wewe umefaulu mwaka jana, uko ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka hiyo 2 leseni inafutwa, unarudi kuanza upya, nadharia na barabarani. Kazi yako ni ya zamu za usiku mwanangu. Ile Yaris ndo inayokufikisha kwa wale wazee saa ambazo basi hakuna. Unaona sasa anachokuomba uweke mezani kwa ajili ya safari ya siku moja? Sidhani kama anakutakia mabaya, nadhani hajui, ndo maana lazima aambiwe.

Na wa kumwambia sio wewe. Ni mumeo. Huyu ni kaka yake, ni mama yake, hiyo sahani anayoinamia haitamjibia. Mwambie mumeo aende kwa kaka yake peke yake, sio mbele ya mama wala mbele ya wake zenu, amwambie "kaka, leseni yako huku imeisha muda, mke wangu akikupa gari anapoteza leseni yake na kazi, kwahiyo ataendesha yeye, naomba unisaidie kumtuliza mama." Maneno yasizidi hapo. Mkubwa akiambiwa faraghani na mdogo wake anaweza kukubali bila kudhalilika, akiambiwa na shemeji yake wa kike mezani hataweza hata kama ameelewa. Halafu mama asikie kutoka kwa mwanae mkubwa mwenyewe kwamba sheria ya huku inataka mkwe aendeshe. Mama ni mwalimu, kanuni anazielewa, alichosema alikisema kwa kutojua tu. Na kama mumeo atamwongezea kaka yake neno la kwamba aombe hiyo leseni ya mwanafunzi sasa, itakuwa vizuri zaidi, kwa uzoefu alionao akizoea alama na taratibu za huku atafaulu, na safari ijayo ataendesha kihalali.

Hiyo Zafira nimesema usiiguse na sirudi nyuma. Bima ya gari binafsi ya mtu haifuniki kulikodisha kwa hela. Yani hata wewe mwenye leseni safi ukiikaa unakuwa huna bima, na ukisimamishwa ukasema "ni ya rafiki yangu kaniazima" wakati hela umetuma kwa benki, unaongeza uongo juu ya kosa. Bei yake ni nusu kwasababu nusu nyingine ndo ile bima ambayo haipo.

Sasa mpunguze watu. Familia yako ni wewe, mumeo, mama, watoto wawili, shemeji na mkewe, hao ni saba na siti saba zinawatosha. Dada wa kanisani mwambie kwa upendo gari limejaa, kama ana nia ya kweli kuna treni ya Leicester kwenda Sheffield na kutoka Sheffield kuna basi linapita mpaka Chatsworth penyewe, mtakutana hukohuko. Leseni yako ya kawaida inaruhusu gari lenye siti 8 za abiria mwisho, juu ya hapo, kile kibasi cha watu 16 wanachokisema, kwa mtu aliyefaulu baada ya mwaka 1997 kinahitaji daraja lingine la leseni. Na hizo siti tisa zenyewe makampuni mengi yana masharti zaidi ya kuzitoa. Siti saba basi. Ila ujue siti saba ikijaa watu saba, buti inabaki kama hakuna, kwahiyo kigari cha kusukumia mtoto kiachwe nyumbani na makapu ya chakula yawe madogo ya kuweka miguuni.

Unapokodi hakikisha mambo haya yako sawa maana kaunta huwa hawana huruma. Jina la anayekodi, leseni, na kadi ya benki vyote viwe vyako. Mumeo akikodi onlaini kwa kadi yake kwa nia njema tu, mtafika pale mtaambiwa dereva ndo anatakiwa awe na kadi, na mara nyingi wanataka ya kredit sio debit, kwasababu wanazuia dipoziti. Kama huna ya kredit piga simu kwanza uulize, tawi kwa tawi wanatofautiana. Wengi wanataka uwe umekaa na leseni angalau mwaka 1, kwahiyo angalia tarehe kwenye kadi yako ya leseni imeshapita mwaka kamili, kama bado subirini itimie. Kuna kitu kinaitwa chek kodi, yani namba ya siri ambayo kampuni inaitumia kuangalia rekodi ya leseni yako, unaitoa bure kwenye tovuti ya serikali ya leseni kwa kutumia namba ya leseni, namba yako ya bima ya taifa na postikodi, inakaa siku 21 tu kwahiyo itoe wiki ile ile ya safari. Beba na barua ya umeme au ya benki yenye anwani yako ya karibuni.

OTO. Hili liandike kwa herufi kubwa. Umefaulu kwa oto, leseni yako inasema oto tu, ukipewa ya geri ukasema basi nitajikongoja, umerudi kulekule kwa shemeji, huna leseni ya gari hilo na huna bima. Onlaini wanaonyesha picha ya gari halafu wanaandika "au linalofanana nalo", kwahiyo chagua oto wakati wa kubuku na siku moja kabla piga simu tawini wakuthibitishie kwamba siti saba ya oto ipo imewekwa pembeni kwa jina lako.

Bima ya kaunta sasa. Gari linakuja na bima ya msingi ndani ya bei, lakini kuna kile kiasi cha mwanzo ambacho ukiligonga unakibeba wewe, inaweza kuwa pauni 1,000 na kuendelea, na mara nyingi tairi, kioo cha mbele na chini ya gari havimo. Pale kaunta watakuuzia ya kuondoa hicho kiasi kwa bei ya kila siku, wanajua una haraka na watoto wanalia. Inauzwa hiyo hiyo na makampuni mengine ya bima onlaini kwa bei nafuu zaidi, unainunua nyumbani kabla, tofauti yake ni kwamba likitokea la kutokea unalipa kwanza halafu unadai hela yako. Mi ningenunua ya nje. Dereva mpya usiende bila hiyo kinga kabisa.

Siku. Kama mnataka kwenda Jumapili kumbuka matawi mengi ya mjini yanafunga Jumamosi mchana na Jumapili hayafungui, kwahiyo unachukua Jumamosi asubuhi unarudisha Jumatatu, unalipa zaidi ila kwako wewe naona ni faida, nitakwambia kwanini. Kama unaweza kupata siku ya katikati ya wiki chukua, barabara ni nyepesi na jumba halijai. Mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba huwa kuna maonyesho makubwa ya kijijini hapohapo Chatsworth, magari yanapangana mpaka kijiji cha Baslow, angalieni tarehe muepuke hizo siku.

Motowei sasa, hofu yako. Kuna njia mbili za kutoka Leicester. Ya kwanza ni M1 mpaka eksiti 29, unashika Chesterfield, unakwenda Baslow, pale kwenye kipilefti unafuata vibao vya kahawia, jumla kama maili 60, hesabu saa moja na nusu. Ya pili hakuna motowei kabisa! Unashika barabara ya kawaida ya A6 hapohapo Leicester, unapita Loughborough, Derby, Belper, Matlock mpaka Rowsley, halafu unakata kuingia Chatsworth kupitia Beeley. Ni ndefu kwa muda, taa nyingi, ila kuanzia Matlock ni mabonde na mto na miamba, mama atafurahi kuliko kuangalia malori. Ningekuwa mimi kwenye kiti chako ningeenda kwa A6 nikarudi kwa A6, hakuna tuzo ya kupita M1.

Ukitaka M1 basi hiyo Jumamosi ya ziada niliyosema itumie, zungukeni wewe na mumeo tu bila mama, ulizoee gari maana siti saba ni refu na pana kuliko Yaris, ingia eksiti moja toka inayofuata, au bora zaidi lipia mwalimu wa udereva masaa mawili ya motowei kabla ya wiki ya safari, wapo wengi wanafanya. Kaa leni ya kushoto, toka tu ukipita mtu halafu rudi, wale wanaoganda leni ya katikati wanapigwa faini pauni 100 na pointi 3. Mwisho maili 70 kwa saa, wala hulazimiki kuzifikia, 55 nyuma ya lori inatosha kabisa. Ukiona X nyekundu juu ya leni hiyo leni imefungwa, toka mara moja. Kuna sehemu za njia hiyo hazina pembeni ya kusimama, gari likisumbua jitahidi utoke eksiti inayofuata au ufike kwenye ile sehemu ya dharura ya kusimama yenye rangi ya chungwa. Magoti ya mama yanyooshwe Tibshelf, ni kituo cha kupumzika kabla tu ya eksiti 29, vyoo vipo na chai ipo.

Ndani ya eneo la Chatsworth kondoo wanatembea barabarani kama kwao, nenda polepole sana, na ukija kwa upande wa Beeley kuna daraja jembamba. Watoto wanahitaji viti vyao, sheria ni mpaka miaka 12 au urefu sentimita 135, kinachotangulia, kwahiyo mpime yule wa miaka 9, na anayewajibika ni dereva, kwahiyo beba vya nyumbani usikodi. Mama akae mbele na wewe. Shemeji kiti cha kati nyuma yake, awe ndo msoma ramani na mlipaji wa mafuta, na hiyo kazi ya ramani ni kazi kweli, dereva hatakiwi kugusa simu, faini yake ni pauni 200 na pointi 6, ambazo kwako wewe ndo leseni nzima.

Umeniuliza kama mtaenda kuangalia ukuta. Mwanangu, huyo mama anatoka Bukoba, kwake kuna kibanja cha migomba kuzunguka nyumba, si ndio? Basi nyumba aliyoichagua kwenye kalenda ni nyumba ya ukoo wa Cavendish, wakubwa wake ndo wanaitwa ma-Duke wa Devonshire, wamekaa pale tangu mwaka 1549. Duke wa sita mwaka 1826 alimwajiri kijana mmoja anaitwa Joseph Paxton kusimamia bustani. Paxton miaka ya 1830 akapata miche ya ndizi iliyotoka Mauritius, akaiotesha pale Derbyshire kwenye baridi, ndani ya nyumba ya vioo iliyopashwa moto, ikazaa, na ndizi ile ikapewa jina la mwenye nyumba. Cavendish. Zile ndizi za njano ambazo mama anaziona Leicester kwenye kila supamaketi na bila shaka ameshazilalamikia kwamba hazina ladha, ni za aina hiyo, karibu nusu ya ndizi zote zinazolimwa duniani leo ni Cavendish. Zilishika dunia miaka ya 1950 baada ya ugonjwa wa migomba unaoitwa Panama kumaliza aina iliyokuwepo kabla, inaitwa Gros Michel, na sasa kuna aina mpya ya ugonjwa ule ule inawafuata hao Cavendish, mwaka 2013 ilishaonekana Msumbiji. Mama aliyeuona mnyauko ukikata migomba Kagera hahitaji kuelezwa hayo maana yake nini, atawaeleza nyie.

Paxton huyohuyo akajenga jumba la vioo kubwa mno pale, wakalipasha moto kwa makaa ya mawe yaliyopitishwa chini ya ardhi ili wageni wasione moshi wala wabeba makaa, yote hayo ili wapate kwa gharama kubwa mimea ambayo kibanja cha mama kinaikuza kwa mvua na samadi. Vita ya kwanza ikaja, makaa yakakosekana, mimea ikafa, mwaka 1920 wakalibomoa, misingi yake ipo mpaka leo bustanini. Mpeleke mama mpaka pale, na ndizi waulize wahudumu wa bustani ziko nyumba gani ya vioo na kama siku hiyo inafunguliwa. Kuna na chemchemi ya mwaka 1844 waliyoijenga wakimtegemea mfalme wa Urusi aje, inaruka juu bila pampu yoyote, maji yanashuka tu kutoka bwawa lililo kilimani, mtoto wako wa miaka 9 mwachie mama amfundishe hapo somo la sayansi.

Na ni nyumba ya watu kweli, sio magofu, familia ya Duke bado inakaa humo, ila wageni wanaruhusiwa vyumba vingi. Alipokufa Duke wa kumi mwaka 1950 kodi ya urithi ilikuwa asilimia 80, wakauza ardhi na vitu, wakaiachia serikali nyumba yao nyingine ya Hardwick, na tangu mwaka 1981 Chatsworth inasimamiwa na taasisi ya hisani, tiketi zenu ndo zinatengeneza lile paa.

Mkitoka, ng'ambo ya mto kuna kijiji kidogo, Edensor, mkaingie makaburini dakika chache tu. Amezikwa pale Kathleen Kennedy, dada yake rais Kennedy, alikuwa ameolewa na mtoto wa Duke. Kennedy mwenyewe alikuja kusimama kwenye kaburi lile mwisho wa Juni 1963, na katikati ya Julai hiyohiyo alimpokea Mwalimu Nyerere Ikulu ya Washington. Kwa mwalimu mstaafu wa rika lake hilo kaburi litasema mengi.

Magoti: pigia simu Chatsworth kabla ya kulipa, uliza habari ya kiti cha magurudumu, lifti na maegesho ya karibu, usitegemee kufika na kubahatisha, nyumba ina ngazi na bustani ina kilima. Tiketi nunua onlaini mapema, na angalieni tarehe maana katikati ya baridi nyumba inafungwa. Kama hela ni ngumu, nyumba na bustani ndo vinalipiwa, kutembea kwenye uwanda kando ya mto Derwent ni bure, mnaweza kukata tiketi za nyumba kwa mama na wawili wa kuongozana naye, wengine wakabaki na watoto kwenye majani na chapati zao. Mvua itanyesha, bebeni makoti hata jua likiwaka asubuhi.

Unapochukua gari piga picha pande zote, rimu, kioo, na kipimo cha mafuta, mbele ya mtu wa kampuni, ukirudisha piga tena. Lijaze mafuta kituo cha karibu na tawi, utunze risiti, na angalia kwanza ni petroli au dizeli. Usiache funguo kwenye kisanduku na kuondoka kama unaweza kusubiri wafungue, maana mpaka walikague jukumu bado ni lako.

Anza leo kwa kupiga simu matawi ya Leicester kuuliza nani ana siti saba ya oto kabla ya mwisho wa Septemba, hizo ndo zinaisha mwanzo, tarehe ya safari mtaipanga kwa gari mtakalolipata.

Shangazi